Mbachao na Msala Mpya

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Kingo zimechakaa, rangi imepauka, na pengine una tundu katikati. Lakini ni wako, na kila siku waukuta pale ulipouweka. Msala upitao ni mzuri wa kutazama, ila mwenyewe yu njiani, na akishapita waweza kubaki huna huu wala ule. Wahenga hao hao walisema tena, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ya kwanza yatuambia tutulie. Ya pili yatuambia tusikawie. Mtu ashikaye moja akaiacha ya pili amejifunza nusu ya hekima, na nusu ya hekima yaweza kudhuru sawa na ujinga mzima. Katika insha hii nataka tuzipime methali hizi mbili kwa jambo dogo la siku zetu, ambalo huwafikia watu wengi bila kupiga hodi: programu yako ya barua pepe imebadilishwa sura, nawe waulizwa kama wataka kuhamia toleo jipya au kubaki na la zamani.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hili si jambo la kuhakikiwa. Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia. Programu ya tarakilishi ni chombo cha kazi, kama jembe au cherehani. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Programu nayo ni kazi ya mikono na akili za watu. Ina umbo, ina mtindo, ina hadhira iliyokusudiwa. Yaweza kumheshimu mtu aitumiaye au kumdharau. Tena ina nguvu moja ambayo kitabu hakina. Kitabu kibaya wakifunga ukakirudisha rafuni, na mambo yakaishia hapo. Programu mbaya waifunga leo, na kesho huna budi kuifungua tena, kwa kuwa barua zako zimo ndani yake. Kitu chenye nguvu kama hiyo juu ya siku zetu kinastahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki, na mtu asiyekitazama hivyo hutazamwa nacho.

Nimechagua mfano mmoja nao ni Thunderbird. Nimeuchagua kwa sababu watu wake walibadilisha sura ya programu hiyo mchana kweupe, wakaeleza sababu zao, wakapata sifa na lawama kwa pamoja; basi tuna ushahidi wa kutosha kutoa hukumu.

Tuanze na asili yake. Barua pepe yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine kwa mtandao ulioitwa ARPANET, akachagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Alama hiyo tungali tukiiandika mpaka leo. Thunderbird ilikuja baadaye sana. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwezi Desemba mwaka 2004. Hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma. Mwezi Julai 2012 wenye nayo, yaani Mozilla, walitangaza kwamba hawataiwekea tena nguvu za kubuni mambo mapya. Itazibwa nyufa zake tu, na mengine yataachiwa watu wa kujitolea. Wengi waliihesabu miongoni mwa wafu. Lakini haikufa. Walioitumia waliendelea kuipenda na kuichangia fedha. Mwaka 2020 ikawekwa chini ya kampuni yake ndogo, MZLA Technologies, iliyo mali ya Mozilla Foundation. Na mwaka 2022 pekee michango ya watumiaji ilipita dola milioni 6. Jambo hili likumbuke, msomaji, maana litatufaa mbele: programu hii iliokolewa na watu wale wale waliokuja kulalamika ilipobadilishwa.

Mwezi Julai 2023 likatoka toleo la 115, likapewa jina la Supernova. Neno hilo ni jina la nyota ilipukayo mwishoni mwa uhai wake. Mimi singeichagulia jina la mlipuko programu iwekayo barua za watu. Lakini tuliache jina, tutazame kazi.

Katika toleo la 102, lililotangulia, vichupo vilikuwa juu kabisa ya dirisha, na chini yake ulikuwapo upau wenye vitufe vya kazi. Katika toleo la 115 ukaja upau mmoja mpya, ukakaa juu ya vyote, na kisanduku cha kutafutia kikawekwa katikati yake. Kitufe cha kupokea barua na kile cha kuandika barua mpya vikahamishwa hadi juu ya orodha ya folda, upande wa kushoto. Orodha ya barua, ambayo kwa miaka yote ilikuwa jedwali la mistari na safu, ikapata umbo la pili liitwalo la kadi: kila barua hupewa mistari zaidi ya mmoja, jina la mwandishi likawa juu na mada chini yake. Kalenda nayo ikachorwa upya. Hayo ndiyo makubwa. Madogo ni mengi, nasi tuyapite.

Kwa nini walifanya hivyo? Je, ni tamaa ya mapambo tu? Hapana. Thunderbird imejengwa juu ya Firefox, programu ya kuvinjari intaneti, mfano wa chumba kilichojengwa juu ya nyumba ya jirani. Jirani akibadilisha nguzo, chumba cha juu hutikisika. Kila mwaka mafundi wa Thunderbird walilazimika kutumia sehemu kubwa ya nguvu zao kufuata mabadiliko ya Firefox, huku msimbo wao wenyewe, ambao sehemu zake zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini, ukizidi kuwa mgumu kushonea kiraka. Mapema mwaka 2023 walieleza waziwazi kwamba kazi yao haikuwa kupaka rangi bali kubomoa kuta mbovu na kuzijenga upya. Hapa ndipo mhakiki apaswapo kuwa mwangalifu. Sura mpya yaonekana na kila mtu; msingi mpya hauonekani na mtu. Anayeihukumu nyumba kwa rangi ya mlango amehukumu mlango, hakuhukumu nyumba.

Sasa tuhukumu. Nitaanza na sifa, kwa kuwa ndiyo adabu.

Sifa ya kwanza ni kwamba mjenzi alimwachia mwenye nyumba uchaguzi. Umbo la kadi lililetwa, lakini jedwali halikuondolewa. Atakaye kadi achukue kadi, na atakaye jedwali abaki na jedwali lake. Vitufe vya upau mpya vyaweza kuongezwa, kupunguzwa na kupangwa upya. Nafasi baina ya mistari yaweza kubanwa au kupanuliwa, na maandishi yakakuzwa kwa ajili ya macho yaliyochoka. Mwalimu mzee na mwanafunzi wa miaka kumi na saba waweza kukaa mbele ya programu moja, kila mmoja akaipanga kwa mahitaji yake. Programu nyingi za leo hazifanyi hivyo; hubadilisha kila kitu usiku, na asubuhi mtumiaji akaambiwa kwamba alichokuwa nacho jana hakipo tena.

Sifa ya pili ni kwamba sura mpya yamfaa mgeni. Mtu aliyekuwa akifungua matoleo ya kale kwa mara ya kwanza aliona msitu wa vijitufe na safu, asijue pa kuanzia. Toleo la 115 lamwonyesha mgeni njia tatu tu: hapa waandika, hapa watafuta, hapa wasoma. Chombo kisichoweza kumpokea mgeni hakiwezi kurithiwa, na chombo kisichorithiwa hufa pamoja na wazee wake.

Lakini zipo lawama, nazo si za chuki. Kwanza, upau mpya unakula nafasi ya juu ya kiwambo. Kwenye kiwambo kikubwa haisumbui. Kwenye tarakilishi ndogo ya mapajani, ambayo ndiyo walio nayo wanafunzi na makarani wengi, kila upana wa kidole uliochukuliwa na mapambo ni barua moja iliyofichwa. Mtu aliyezoea kuona barua ishirini kwa mtazamo mmoja akiona kumi na tano ana haki ya kuuliza amefaidi nini.

Pili, vitufe vilihamishwa. Jambo hili wabunifu hulidharau, nao hukosea. Mkono wa mtu una kumbukumbu yake. Mshonaji hatazami kanyagio la cherehani, wala mpishi hatafuti chumvi. Mkono huenda wenyewe, akili ikabaki na kazi yake. Karani aandikaye barua arobaini kwa siku ameulipia ujuzi huo wa mkono kwa miaka. Ukihamisha kitufe umempokonya, ukamwambia ajifunze upya bila malipo. Pengine hasara hiyo ni ya wiki mbili tu, na faida ni ya miaka. Lakini yafaa anayeileta aitambue kuwa ni hasara, asiseme kwamba mlalamikaji haipendi tu maendeleo.

Tatu, kazi haikukamilika. Orodha ya barua na kalenda zilivikwa nguo mpya, lakini dirisha la kuandikia barua lilibaki karibu kama lilivyokuwa. Ni kama mtu aliyejenga baraza ya kisasa mbele ya jiko la zamani: mgeni aingiapo hushangaa, na mwenyeji apikapo hakuona tofauti. Mhakiki wa fasihi angesema kwamba kitabu kina sauti mbili. Nami nasema hivyo hivyo.

Basi ikiwa sifa zipo na lawama zipo, mtu aamue namna gani? Hapa yatubidi tuache sura, tutazame mambo mawili yaliyo mazito kuliko sura: usalama wa barua, na barua zenyewe.

Kuhusu usalama, elewa kwamba programu ya barua ni mlango uliofunguliwa barabarani mchana na usiku. Yeyote duniani aijuaye anwani yako aweza kuweka kitu mlangoni pako. Wabaya hutafuta nyufa katika msimbo, na mafundi huzitafuta wazizibe kabla yao. Toleo la zamani hupewa viraka kwa muda, kisha huachwa. Toleo la 102 liliendelea kuzibwa kwa miezi michache baada ya kuja 115, na kabla ya mwaka 2023 kwisha likaachwa. Tena nyufa zilizozibwa katika toleo jipya hutangazwa hadharani. Kwa hiyo mtu aliyebaki nyuma amebaki katika nyumba ambayo ramani ya nyufa zake imebandikwa sokoni.

Hapo ndipo methali ya mbacha inapogeuka maana yake. Tulidhani toleo la zamani ndilo mbacha na jipya ndilo msala upitao. Lakini tukitazama vizuri, lipi lipitalo? Ni lile lililoachwa na mafundi wake. Laonekana limetulia kwa sababu halibadiliki. Lakini dunia inayolizunguka yabadilika, na kisicho na wa kukitunza hupita hata kikiwa hakijatikisika. Na wala lile jipya si la milele. Mwezi Julai 2024 lilikuja toleo la 128, na Julai 2025 likaja la 140. Msala mpya wa mwaka 2023 sasa nao umekuwa mkuukuu. Anayengoja toleo la mwisho ndipo ahame atangoja maisha yake yote.

Huenda mtu akajibu, "Mimi si tajiri, barua zangu hazina siri, nani atajisumbua kunivizia?" Jibu hili nimelisikia mara nyingi, nami naliona kuwa baya kuliko yote, kwa kuwa lina ubinafsi ndani yake asioujua msemaji. Barua zilizo katika sanduku lako hukuziandika wewe peke yako. Chukua mfano wa katibu wa chama cha akiba. Wanachama wamemwandikia kwa miaka. Katika barua hizo zimo nambari za vitambulisho, nambari za simu, habari za madeni, na pengine habari za ugonjwa zilizotajwa ili mkopo uharakishwe. Ufa katika programu yake ni ufa katika nyumba za watu wote waliomwamini. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na roho ya sheria hiyo ni hii: atunzaye habari za mwenziwe ametwaa amana. Na amana haitunzwi kwa kusema, "Nilizoea kitufe kikiwa upande ule."

Jambo la pili ni barua zenyewe. Hapa nataka nikurudishe katika historia yetu, maana tumewahi kuvuka mto wa namna hii, nao ulituachia somo.

Kwa karne nyingi watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tenzi, barua za biashara, wasia na hesabu za mashamba ziliandikwa hivyo, Lamu, Mombasa na kwingineko. Kisha zikaja herufi za Kilatini, zikashika shule, ofisi na magazeti. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ikasawazisha tahajia. Walikuwapo walionung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika, hasa wenye Kimvita na Kiamu, ambao lugha yao ilikuwa na ushairi mkubwa na sasa wakafundishwa kuandika kwa kipimo cha wengine. Hata hivyo faida ilikuwa kubwa: mtoto wa Kisumu na mtoto wa Tanga waliweza kusoma kitabu kimoja.

Hasara ilikuwa wapi? Haikuwa katika herufi mpya. Ilikuwa katika masanduku. Katika nyumba nyingi za pwani zilibaki karatasi za babu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma. Maneno ni ya Kiswahili, mjukuu ni Mswahili, na bado karatasi ni bubu kwake. Jamii ilihama nyumba ikaacha vitu ndani. Wasomi waliokuja baadaye kuzinakili na kuzisoma waliokoa kiasi, lakini kiasi si kitu kizima.

Somo ni hili: anayehama asiulize tu kama nyumba mpya ni nzuri; aulize amebeba nini. Nalo ndilo linaloniingia moyoni kuliko habari zote za upau na kadi. Barua ya kijana aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo, barua ya mwisho ya mzazi, mapatano ya kiwanja, majibu ya daktari: hizi leo hazikai katika bahasha wala sanduku la msaji. Zinakaa katika faili. Mtu aweza kupoteza miaka kumi ya maisha yake kwa kubonyeza kitufe kimoja bila kujiandaa, naye asione moshi wala kusikia kishindo.

Basi kabla ya kuhama jiulize barua zako zakaa wapi hasa. Ziko njia mbili za kupokea barua ambazo programu hizi huzitumia. Kwa njia iitwayo IMAP, barua hubaki katika seva ya anayekuhudumia, na programu hukuonyesha kilichomo. Tarakilishi ikiungua, barua zingali zipo kule. Kwa njia iitwayo POP, barua huteremshwa hadi kwenye tarakilishi yako, na mara nyingi hufutwa kule zilikotoka. Tarakilishi yako ndiyo sanduku la pekee. Watu wengi hawajui wanatumia njia ipi. Mtu asiyejua barua zake zakaa wapi hana barua. Ana bahati tu, na bahati huisha.

Ukishajua, toa nakala. Katika Thunderbird barua zako, anwani zako na mapendeleo yako yote huwekwa katika folda moja iitwayo profaili. Funga programu, nakili folda hiyo nzima, uiweke katika diski ya nje au kidude cha kuhifadhia, kisha hakikisha kwamba nakala yafunguka. Kazi hii haizidi muda wa kunywa chai, nayo ndiyo tofauti baina ya mhamaji na mkimbizi. Wala usidhani kwamba utajaribu toleo jipya kisha urudi ukipenda. Profaili ikishafunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani kwa kawaida hukataa kuifungua. Mlango wa kwenda una bawaba; mlango wa kurudi una kufuli, na nakala yako ndiyo ufunguo.

Tazama pia vijiprogramu vya nyongeza unavyovitegemea. Thunderbird huruhusu watu wengine kuiongezea uwezo, na kila msingi ubadilikapo baadhi ya nyongeza hizo hukatika. Mwaka 2020, toleo la 78 lilipoingia, nyongeza nyingi za mtindo wa kale zilikoma kufanya kazi. Mojawapo iliyojulikana sana ilikuwa Enigmail, ambayo watu waliitumia kuficha maana ya barua kwa usimbaji. Lakini mafundi waliuingiza uwezo huo ndani ya programu yenyewe, basi kilichopotea mlangoni kikapatikana sebuleni. Si kila nyongeza hupata bahati hiyo. Ikiwa kazi yako yasimama juu ya nyongeza moja, uliza kwanza kama imevuka.

Tena itazame mashine yako. Toleo la 115 lilikuwa la mwisho kukubali Windows 7 na Windows 8.1, la 128 lilidai Windows 10 au zaidi. Mwenye tarakilishi ya zamani aweza kuona kwamba anafukuzwa, na uchungu wake si wa kudharauliwa, maana ushauri wa kununua mashine mpya ni mwepesi kwa mshauri na mzito kwa mnunuzi. Lakini na aelewe kwamba ufa wake hauko katika programu ya barua peke yake. Windows 7 yenyewe iliachwa na watengenezaji wake mwezi Januari 2020. Fundi mwaminifu aweza kuiwekea mashine hiyo mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, na Thunderbird ya sasa hufanya kazi ndani yake ikiwa mashine ina nguvu ya kutosha. Si njia rahisi, lakini ni njia.

Na mwisho chagua siku. Usihame siku ambayo maombi ya chuo yafungwa, wala usiku wa kuamkia mkutano. Siku ya kwanza toleo litokapo nayo si ya lazima. Kasoro nyingi huonekana katika wiki za mwanzo zikatengenezwa. Mwenye busara hungoja kidogo wakati toleo la zamani lingali likizibwa nyufa, kisha huhama kabla halijaachwa. Kati ya siku hizo mbili pana uwanja wa kutosha. Kusubiri ndani ya uwanja huo ni hekima; kusubiri nje yake ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima.

Sasa nitoe hukumu yangu, nawe, msomaji, una ruhusa ya kuipinga. Toleo la 115, likitazamwa kama kazi ya usanii, ni kazi njema isiyokamilika: ilimpokea mgeni vizuri kuliko ilivyomwaga mwenyeji, ikala nafasi ya kiwambo pasipo sababu ya kutosha, ikaacha jiko la zamani nyuma ya baraza mpya. Likitazamwa kama tendo la amana, lilistahili kupokelewa, kwa sababu lilijengwa juu ya msingi unaotunzika, likawaachia watu jedwali lao, wala halikuzichezea barua. Aliyehama baada ya kutoa nakala alitenda sawa. Aliyehama bila nakala alitenda sawa kwa bahati. Aliyekataa kuhama kwa sababu ya sura alikuwa na hoja mkononi, lakini aliitumia mahali pasipo pake.

Maana hoja yake ilikuwa na mahali. Mahali pake palikuwa ni kusema. Nilikuomba ukumbuke kwamba programu hii iliokolewa na watumiaji wake. Watu waliotoa fedha zao, na wengine waliotoa usiku wao, hawakufanya hivyo ili wapangiwe vitufe kama watoto wapangiwavyo viti. Msimbo uko wazi, mlango wa maoni uko wazi, na toleo la 128 lilipokuja kadi na orodha ya folda vilikuwa vimerekebishwa. Anayebaki na toleo bovu ili aonyeshe kuudhika kwake amejiadhibu mwenyewe, na mbunifu hakusikia. Anayehama kisha akaandika kwa adabu na ushahidi, "Hapa mmekosea, na hii ndiyo sababu," amefanya kazi ya uhakiki.

Utaulizwa maswali ya namna hii maisha yako yote, wala si juu ya barua tu. Vitabu vya hesabu, simu, mitaala, hata katiba, vitaletwa mbele yako vimevaa sura mpya, na pembeni utasikia vikundi viwili vikipiga kelele: kimoja chasema jipya ni jema kwa kuwa ni jipya, kingine chasema la kale ni jema kwa kuwa ni la kale. Usikae na kimoja. Uliza ni nani aitunzaye nyumba hii, ni amana ya nani iliyo mikononi mwangu, na nimebeba nini. Ukishajibu hayo, utajua lipi ni mbacha na upi ni msala.

Na leo jioni, kabla ya kulala, fanya nakala ya barua zako.